Nani Amlipie Anayesomea Kuwalinda Watoto?



Kitabu cha Kutoka kina tukio ambalo wengi wetu hulisoma haraka haraka, kwa kuwa tunakikimbilia kichaka kinachowaka moto. Mtoto amelazwa ndani ya kisafina kati ya matete ya mto. Dada yake amesimama mbali kidogo aone yatakayompata. Binti Farao anamwona, anamhurumia. Hayo tunayajua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Linalotupita ni jambo la fedha: binti Farao alimkabidhi mwanamke wa Kiebrania mtoto amlee, akaahidi kumlipa ujira (taz. Kut 2:9). Huruma yake haikuishia katika machozi. Alitambua kwamba kumlinda mtoto ni kazi, na kwamba kazi hiyo ina gharama ambayo hakupaswa kumtwika mwanamke wa taifa la watumwa.

Juma hili tunapenda kulifuata jambo hilo katika historia ya nchi yetu, na hasa ya mkoa wetu wa Mara. Kijana anayekwenda kusomea ustawi wa jamii ili awatumikie watoto walioonewa, nani amgharimie? Naye akishahitimu, alipe kwa nini: kwa fedha, au kwa utumishi?

Kanisa lilikuwa na jibu lake mapema. Wamisionari wa Afrika, ambao ndio waliofungua misioni ya Nyegina kabla mapadre wa Maryknoll hawajafika Musoma mwaka 1946, walikuwa na mwana wao aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa angali mtoto na kuuzwa utumwani. Mapadre wakamkomboa kule Algeria, kisha wakamsomesha uganga wa kisasa katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyeokolewa akawa mwokozi wa watoto wa wengine kwa miaka 67, wala hakuna kumbukumbu ya mtu aliyemdai ada ya Malta.

Jibu la namna hiyo tunalikuta pia nyumbani kwetu. Kambarage, mwana wa Mtemi Burito wa Butiama, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akapewa jina la Julius. Akasoma Makerere, kisha akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, ambako Padre Richard Walsh alikuwa miongoni mwa waliomhimiza aendelee na masomo. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarudi na shahada mwaka 1952. (Wazee wa Kizanaki hupenda kukumbusha kwamba mwaka 1955, alipoacha ualimu wa Pugu kwa ajili ya siasa na kurudi nyumbani, alimfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa Maryknoll. Msomi wa Edinburgh hakuona haya kufundisha lugha ya mama yake.) Mtu huyu alijua maana ya kusomeshwa na jasho la wengine. Ndiyo maana mwaka 1964, akizungumzia mpango wa maendeleo, aliwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa akiba yote ya chakula ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo asiporudi, amewasaliti waliobaki na njaa.

Mfano ulikuwa mzuri, lakini haukuwaingia wote. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaachia asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400, naye siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu hukumbuka hasira yake kuliko mshahara wake, ingawa sisi tunaona kwamba ule mshahara ndio uliompa haki ya kukasirika.

Upande wa ustawi wa jamii wenyewe, Kanisa lilitangulia. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii Nyegezi, ambacho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Serikali ilifuata kwa Sheria Namba 26 ya mwaka 1973, iliyounda chuo cha taifa cha ustawi wa jamii. Leo tunakiita Taasisi ya Ustawi wa Jamii, na kipo Kijitonyama, Dar es Salaam. Enzi hizo masomo ya juu yaligharimiwa na umma, na mhitimu alipangiwa kituo cha kazi. Alikwenda alikopelekwa, hata kama hakukuwa na umeme wala nyumba ya mtumishi.

Mwaka mmoja baadaye jina la mji wetu likaingia katika historia ya elimu. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio lenye mambo mawili makubwa. La kwanza, elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. La pili, ambalo linatuhusu zaidi leo, kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja: atumikie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na ushuhuda wa mwajiri na wa tawi la chama. Yaani walioishi naye na kufanya kazi naye ndio waseme kama anafaa kusomeshwa kwa fedha zao.

Hatuwezi kulisifu Azimio la Musoma bila kusema lilivyoumiza. Wasichana waliofika chuo kikuu walipungua, kwa sababu binti aliyekaa miaka mitatu nje ya masomo mara nyingi alikuwa ameolewa kabla barua ya chuo haijafika. Haikupita miaka mingi sharti likalegezwa kwao, na hatimaye likaondolewa kwa wote. Tena ushuhuda wa tawi ulimtegemea katibu wa tawi, na makatibu ni wanadamu. Pamoja na hayo, Azimio lilikuwa limeshika jambo ambalo baadaye tuliliachilia: kwamba fedha ya masomo inamfunga msomi na watu, si na benki.

Kuanzia mwaka 1992 Serikali, iliyokuwa imelemewa, ilileta uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu. Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Tusiwe watu wa kulaumu tu: maelfu ya watoto wa wakulima na wavuvi wasingelifika chuo kikuu bila Bodi hiyo. Makato ya marejesho yaliyokuwa asilimia 8 ya mshahara yalipandishwa mwaka 2016 kuwa asilimia 15. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowalemea wengi, iliondolewa mwaka 2021. Lakini angalieni jinsi mkopo unavyotazama. Haumwulizi mhitimu anakwenda kumtumikia nani. Anayehesabu fedha katika ofisi yenye kiyoyozi Dar es Salaam na anayempokea mtoto aliyepigwa saa nane za usiku Butiama hukatwa kwa kipimo kimoja. Na wa stashahada, ambao ndio wengi katika kazi za chini kabisa za ustawi wa jamii, walikuwa nje ya mikopo hiyo hadi mwaka 2023. Hata ilipofunguliwa, fani za kipaumbele zilizotangazwa zilikuwa za afya, ualimu na ufundi, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo. Ustawi wa jamii haukutajwa kwa jina lake.

Wapendwa, jambo hili si la vyuoni tu, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka mzigo mkubwa juu ya mabega ya afisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye anayechunguza nyumba ya mtoto, anayemwandikia hakimu taarifa, anayetafuta mahali salama pa kumlaza. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka huo huo wa 2009 ulionyesha kwamba takribani wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwetu Mara kuna jeraha jingine: utafiti wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Kila msimu wa ukeketaji ufikapo, mwezi Desemba, wakati sisi tunapamba pango la Noeli, mabinti hukimbia usiku kuelekea kituo cha Masanga wilayani Tarime, nyumba salama ya Mugumu, na ile ya Kiabakari wilayani Butiama. Wengi wetu tunaijua Kiabakari kwa hija ya Huruma ya Mungu. Binti wa miaka 12 anaijua kwa sababu nyingine.

Msimu ukiisha, kazi ngumu ndiyo inaanza. Binti arudi kwao au asirudi? Baba ameomba msamaha kwa moyo, au anangoja gari la polisi liondoke? Maswali hayo hayajibiwi kwa huruma peke yake. Yanahitaji mtu aliyefundishwa, anayejua Kikurya au Kizanaki au Kijita, na atakayekuwepo mwakani. Kuanzia mwaka 2006 hivi, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilishirikiana na chuo kikuu kimoja cha Chicago, kwa fedha za Marekani, kuwafundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii vijijini. Walifanya mema mengi, nao wengi walikuwa wa kujitolea. Lakini mwaka 2025, Marekani ilipoifunga USAID, tuliona jinsi mfuko ulio mbali unavyofungwa na watu wasiotujua.

Kwa kweli hao hao Wamarekani wana utaratibu wa ndani ambao ungetufaa kuliko misaada yao. Sheria yao ya mwaka 1980 iliwezesha fedha za serikali kuu kugharimia mafunzo ya watumishi wa watoto. Vyuo katika majimbo mengi huwapa wanafunzi wa ustawi wa jamii posho ya masomo, nao hutia sahihi kwamba watatumika katika idara za watoto kwa muda unaolingana na ule waliogharimiwa. Asiyetimiza hurudisha fedha. Hilo si geni kwa watu wa Musoma. Ni Azimio letu likiwa limesafishwa, kwa kuwa kijana husoma kwanza, kisha hutumika.

Je, parokia inaweza? Tufanye hesabu ya kawaida. Parokia yenye familia 600, kila familia ikitoa shilingi 200 kwa juma, hupata shilingi 120,000 kwa juma, na kwa mwaka shilingi 6,240,000. Tuweke karatasi ya ada ya chuo kando ya hesabu hiyo, tuongeze chakula, chumba, na nauli ya mafunzo kwa vitendo, ambayo ndiyo huwashinda wengi. Tutaona kwamba kumsomesha kijana mmoja kwa stashahada hakuzidi uwezo wetu. Harusi moja ya mjini humeza zaidi.

Na ushuhuda? Hapa hatuhitaji katibu wa tawi. Jumuiya ndogo ndogo zilichipuka mapema sana katika maparokia ya Wajaluo ya Jimbo la Musoma, miaka ya sitini, kabla nchi nzima haijazipokea. Na tangu Novemba 2010, Bunda ilipofanywa jimbo, pande zote mbili zimerithi mti ule ule. Jumuiya inamjua binti anayewafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu bila kupigiwa makofi, na kijana aliyemtembeza mtoto wa jirani hadi dawati la polisi wakati watu wazima walikuwa wananong'ona. Tunapendekeza kila jumuiya itaje jina moja, mvulana au msichana, aliyemaliza kidato cha nne au cha sita. Mkataba uwe mwepesi na uandikwe: tunakulipia miaka yako ya chuo, nawe utawatumikia watoto wa Mara kwa miaka hiyo hiyo, katika halmashauri, nyumba salama au kituo cha jimbo, penye nafasi. Akiolewa, mkataba usimwadhibu. Ajira ikichelewa, asidaiwe kana kwamba ametoroka. Parokia imtafutie pa kuanzia.

Majina yaletwe ofisi ya parokia kabla dirisha la udahili wa vyuo halijafunguliwa, yakiwa na sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya na ya mama mmoja aliyewahi kumkabidhi kijana huyo mtoto wake.