Tofaa mwitu au kitofaa?

Ukitaja tofaa Unguja, wengi watafikiria tunda jekundu lenye maji mengi, ambalo mti wake ni wa jenasi moja na mkarafuu. Neno lilitoka Kiarabu, na huko maana yake ni lile tunda la nchi za baridi tunalolinunua dukani kwa jina la tufaha au epo. Hapa nazungumzia hilo la dukani, na hasa nduguye mdogo ambaye Waingereza humwita crab apple.

Tafsiri inayokuja haraka ni tofaa mwitu. Siikubali. Wataalamu wa bustani huhesabu katika kundi hilo mti wowote wa jenasi Malus, ile ya tofaa la dukani, ambao tunda lake halifiki upana wa sentimita 5. Kinachopimwa ni tunda, msitu haumo. John Downie ni aina ya Uingereza inayopandwa kwa makusudi bustanini, na tunda lake ni dogo. Malus sieversii, kinyume chake, humea yenyewe kwenye milima ya Tian Shan, na baadhi ya miti yake huzaa matunda makubwa, matamu. Mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov aliiona karibu na Almaty mwaka 1929 akasema chimbuko la matofaa ni hapo, na uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2010 ukamuunga mkono. Hilo ndilo tofaa mwitu hasa.

Kwa lile dogo napendekeza kitofaa, wingi vitofaa. Ngeli yetu ya udogo inabeba kipimo chote bila neno la ziada.

Ukiking'ata kibichi, ulimi unakauka kwa ukali na tanini. Lakini vichemshe mpaka vilainike, chuja maji yake kwa kitambaa, rudisha jikoni na sukari: jeli inaganda yenyewe, kwa wingi wa pektini. Wazalishaji wa aina mpya za matofaa nao wanavithamini. Kinga dhidi ya kuvu wa madoa meusi ilitolewa kwenye Malus floribunda, wenye vitunda vidogo mno, ikaingizwa katika tofaa la Prima, lililotolewa Marekani mwaka 1970.

Mti wenyewe ubaki mtofaa, kwa kirefu mtofaa wa vitofaa. Malus baccata wa Siberia huweza kupita mita 10, na wakulima huupanda kati ya miti ya matofaa makubwa, maana mengi hayazai kwa chavua ya aina yake yenyewe.