Uluguru: Mpiga picha anayerudi ndiye anayeuona mlima

ABIRIA wengi wanaosafiri kutoka Dar es Salaam kwenda mikoa ya bara huiona Morogoro kupitia dirisha la basi. Mlima hutokea upande wa kushoto, picha moja hupigwa kwa simu, na safari huendelea kuelekea Dodoma au Iringa.

Picha hiyo aghalabu hufanana na nyingine zote: mlima wa rangi ya bluu, wingu juu yake na nguzo ya umeme mbele. Anayeitazama baadaye nyumbani hudhani kuwa kamera yake ni duni, ilhali kilichokosekana ni muda.

Mji wa Morogoro, ambao wenyeji huuita kwa mahaba Mji Kasoro Bahari, uko umbali wa takriban kilomita 190 kutoka Dar es Salaam. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa hufika huko kwa muda wa karibu saa mbili. Kwa mkazi wa jijini anayependa kupiga picha, hakuna mandhari ya milima mirefu iliyo karibu zaidi, na ukaribu huo ndio unaompa nafasi ya kurudi mara kwa mara.

Mlima na saa zake

Mji umejengwa kwenye kimo cha takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kilicho juu yake kinazidi mita 2,100. Kusini zaidi, kilele cha Kimhandu, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika safu za Uluguru, kinazidi mita 2,600. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayofanya mawingu na mwanga vibadilike mara nyingi kwa siku moja.

Safu za Uluguru ziko kusini na mashariki mwa mji. Kwa sababu hiyo, asubuhi jua huchomoza nyuma ya mlima, na upande unaotazamana na mji hubaki kivulini. Anayetoka nje saa 12 asubuhi hupata umbo la mlima na ukungu wa mabondeni, lakini hapati sura ya miteremko yake.

Kuanzia saa 9 alasiri mambo hugeuka. Jua linapoelekea magharibi, mwanga huingia kwenye mabonde kwa ubavu, na kila mkunjo wa mlima hupata kivuli chake. Saa 11 jioni huonekana mashamba, njia za miguu na nyumba za mabati ambazo mchana hazikuonekana kabisa.

Majira nayo yana kazi yake. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na zinapokoma hewa huwa imeoshwa. Juni ni mwezi mzuri kwa picha za mbali. Kuelekea mwisho wa kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba yanayoandaliwa huufifisha mlima. Baadhi ya wapiga picha huukimbia msimu huo, ingawa moshi huo ni sehemu ya habari ya Uluguru.

Bustani isiyo ya maua

Katika vitabu vingi vya upigaji picha vinavyotoka Ulaya, bustani ni mahali pa maua na majani yaliyokatwa kwa mpangilio. Morogoro, neno hilo humaanisha kwanza mboga. Mjini penyewe, matuta ya mchicha na matembele hulimwa kando ya vijito vinavyoteremka kutoka mlimani, na asubuhi wakulima huyamwagilia kabla jua halijawa kali.

Bustani maarufu zaidi ziko Mgeta, upande wa magharibi wa milima, katika Wilaya ya Mvomero. Huko hali ya hewa ni ya ubaridi, na kabichi, karoti, viazi mviringo na njegere hulimwa kwenye ngazi zilizochongwa katika miteremko mikali. Sehemu ya mazao hayo huishia katika masoko ya Dar es Salaam.

Kwa macho ya mpiga picha, ngazi hizo ni mistari inayopanda kuelekea mawinguni. Hata hivyo, mistari hiyo ina historia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Upinzani ulipamba moto Matombo mwaka 1955, na mpango huo ukasambaratika.

Lakini Mgeta ngazi zinalimwa hadi leo. Anayejua habari hiyo hataridhika na picha ya mistari pekee. Atasubiri hadi mwenye jembe aingie katika picha, kwa kuwa mkono wake ndio unaozitunza.

Upande wa mashariki, unaopokea upepo wa mvua kutoka Bahari ya Hindi, sura ni nyingine. Katika maeneo kama Kinole na Tegetero, ndizi, karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga hustawi pamoja chini ya miti mirefu. Mwanga hupenya kwa vipande, na kamera nyingi huchanganyikiwa kati ya weupe wa anga na giza la shamba. Njia rahisi ni kuliacha anga nje ya picha na kusubiri wingu lifunike jua.

Mpaka wa shamba na msitu

Wanaopanda kutoka mjini hupita Morningside, penye nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani. Hapo mtu huuona mji wote ukiwa umetandazwa chini. Juu yake unaanza msitu wa hifadhi, na njia huendelea kuelekea kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano.

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayosifika kwa viumbe visivyopatikana penginepo duniani. Miongoni mwa mimea yake ni maua madogo ya zambarau ya jamii ya Saintpaulia, ambayo ndugu zake waliochukuliwa Tanga mwishoni mwa karne ya 19 leo huuzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Huota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, na humtaka mpiga picha apige magoti.

Picha yenye uzito zaidi, hata hivyo, huenda ikawa ile ya mstari ambapo shamba linakoma na msitu unaanza. Zamani misitu ya Uluguru Kaskazini na Uluguru Kusini iliungana katika eneo la Bunduki. Katika karne ya 20 kiungo hicho kilifyekwa na kuwa mashamba. Mwaka 2008 misitu iliyobaki iliwekwa chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru.

Jambo hilo linamhusu hata asiyewahi kufika Morogoro. Vyanzo muhimu vya Mto Ruvu viko katika milima hii, na mto huo ndio tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam. Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka, wakazi wa jiji walipangiwa mgawo wa maji. Aliyekuwa na ndoo foleni siku zile alikuwa akitazama mwisho wa safari inayoanzia kwenye ukungu wa Uluguru.

Mji nao una sura

Morogoro yenyewe si njia tu ya kupandia mlima. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1907, na mji ukakua kandokando yake. Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililopewa jina la watawala wa jadi wa Waluguru, hukusanya karibu kila kinacholimwa juu: anayetaka kuifuata kabichi ya Mgeta kwa kamera anaweza kuanzia hapo na kurudi nyuma hadi shambani.

Mazimbu, nje kidogo ya mji, kuna majengo ya shule iliyoanzishwa na wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1992 yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Miti yake, barabara tulivu na makaburi ya waliofia ugenini vinahitaji upole wa kamera kuliko haraka.

Mji wenyewe unabadilika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 470,000. Nyumba mpya zinazoonekana katika picha ya leo ni ushahidi wa ongezeko hilo.

Adabu na sheria

Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini kamera si macho. Mama anayepalilia shambani kwake hajajitolea kuwa pambo la picha ya mgeni. Salamu hutangulia, kisha maelezo ya nia, kisha ombi. Akikataa, mgeni anashukuru na kupita. Akikubali, ni uungwana kumwonyesha picha na kutimiza ahadi ya kumpelekea nakala.

Vijijini, mgeni anashauriwa kuripoti kwanza ofisi ya serikali ya kijiji. Kuingia katika hifadhi kunahitaji kibali na malipo kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na ni busara kuongozana na mwenyeji anayezijua njia. Kurusha ndege isiyo na rubani bila kibali cha mamlaka, ikiwamo Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), ni kosa. Aidha, kambi za jeshi, vituo vya polisi na miundombinu nyeti havipigwi picha bila ruhusa.

Kurudi palepale

Picha za barafu ya Kilimanjaro za mwanzoni mwa karne ya 20, zikiwekwa kando ya zile za leo, hueleza kwa mtazamo mmoja jambo linalohitaji kurasa nyingi za maandishi. Waliozipiga hawakujua kuwa wanaweka ushahidi. Uluguru inaweza kupata kumbukumbu kama hiyo kutoka kwa mtu yeyote mwenye simu.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mtu huchagua sehemu moja, kwa mfano ukingo wa njia ya Morningside au daraja la kijito fulani. Hutafuta alama isiyohama, kama jiwe kubwa, na kuiweka pembeni mwa picha. Hurudi hapo kila mwaka mwezi uleule na saa ileile, na kwenye kila picha huandika tarehe, jina la mahali na upande aliotazama.

Mwaka wa kwanza atakuwa na picha nzuri ya mlima. Baada ya miaka kumi ataweza kumwonyesha mwanawe, na hata ofisi ya kijiji, mahali ambapo msitu uliishia na mahali unapoishia sasa.