Canopus, Nyota Iliyopewa Jina Kwenye Mdomo wa Nile

Februari, kiangazi kikiwa kimekaza, simama uwanjani Arua au Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yapata saa tatu usiku utazame kusini. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote, itakuwa juu sana. Teremsha macho kuelekea upeo, utaikuta ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku: Canopus.

Jina hilo lina undugu na mto uleule unaopita Pakwach na Rhino Camp. Wagiriki walisimulia kwamba Canopus alikuwa mshika usukani wa merikebu ya Menelaus, mfalme wa Sparta. Wakitoka vita vya Troy walitia nanga Misri, nyoka akamuuma, akafa, akazikwa Nile inapoingia baharini. Mji wa hapo, jirani na Alexandria, ukaitwa kwa jina lake, na nyota vilevile. Lakini katika karne ya 2 kuhani wa mji huo alimweleza msemaji Aelius Aristides kwamba neno ni la Kimisri, maana yake ardhi ya dhahabu. Kisa cha nyoka ni kitamu. Hata hivyo, kuhusu jina la mahali, mwenyeji anastahili kusikilizwa kwanza.

Waarabu huiita Suhail. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wakaifanya Suheli, wakaitumia kushika njia, hadi neno likawa na maana ya kusini. Kwa Wanubi wa Arua na Koboko, ambao Kinubi chao kilizaliwa na Kiarabu cha kambi za askari wa Misri na Sudan karne ya 19, matamshi ya Suhail si mageni.

Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba Wagiriki walioeneza jina la Canopus waliiona nyota yenyewe kwa shida. Kutoka Athens haionekani kabisa. Katika kisiwa cha Rhodes inagusa upeo tu, na Alexandria inapanda kama digrii 6. Kwa tofauti hiyo, mwanafalsafa Posidonius, karne ya 1 kabla ya Kristo, alikadiria mzingo wa dunia. Kadiri unavyoupanda Nile ndivyo nyota inavyopanda: Arua, digrii 3 kaskazini ya ikweta, inafika digrii 34.

Walimu wa Arua na Koboko, kiangazi kijacho watoeni wanafunzi nje na kipimapembe, uzi na kijiwe, waipime wenyewe.