Homa ya mtoto: toka mubirizi mpaka tone la damu

Kwetu Goma mama akigusa paji la mtoto na kuona linachoma, anasema mara moja: «Mutoto iko na malaria.» Bibi zetu walikuwa wanachemsha majani machungu ya mubirizi. Degedege nayo, wengi walidhani ni uchawi.

Wakati wa Wabelgiji, mti wa kinkina ulipandwa huku Kivu, na magome yake yakatoa kinini. Mwaka 1942 Wajapani waliteka kisiwa cha Java, kulikotoka sehemu kubwa ya kinini ya dunia. Basi mashamba yetu yakazidi kuwa na maana. Kisha ikaja klorokini, na sisi wenyewe tulikua na uchungu wake mdomoni. Lakini vijidudu viliizoea. Mwaka 2005 inchi yetu ikachagua artesunati pamoja na amodiakini.

Toka 2010, OMS inaomba damu ipimwe kwanza, maana si kila homa ni malaria: inaweza kuwa mapafu, surua ao sikio. Tone moja tu, dakika 15 ao 20, na munganga anajua.

Tuliyorithi hatuyatupi yote: mkono wa mama unabaki kipimo cha kwanza. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege ao aliyelegea bila kuamka, asingojee mubirizi. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata usiku.