Kutoka Makerere hadi Lubaga: Nani Alipie Somo Lisilo na Soko?

Anayezunguka Lubaga, magharibi mwa Kampala, hahangaiki kutafuta chuo kikuu. Kilimani ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki huko Nkozi mwaka 1993. Upande wa Mengo kipo Chuo Kikuu cha Kifalme cha Muteesa I, cha mwaka 2007. Lakini kabla ya 1988 nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu: Makerere. Mabadiliko haya yalitokana na nini?

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa chuo cha ufundi. Utawala wa Amin na vita vilivyofuata viliiacha hoi: wahadhiri walikimbia, maktaba ikakosa vitabu. Serikali ilipopunguza posho, wanafunzi waligoma, na Desemba 1990 wawili waliuawa kwa risasi za polisi. Tangu 1992 chuo kikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wengi wakisoma jioni. Kufikia 1999 idadi ya wanafunzi ilikuwa imepanda kutoka takriban 7,000 hadi zaidi ya 14,000, na zaidi ya asilimia 70 walikuwa wakijilipia. Wahadhiri wakapata nyongeza, na Benki ya Dunia ikasifu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Katika kitabu chake cha 2007, Mahmood Mamdani alionyesha jinsi vitivo vilivyogombania wanafunzi na kubuni kozi kwa kuwa zinauzika tu. Ada iliokoa chuo, lakini pia ikaanza kuamua kifundishwe nini.

Sisi walimu wa Kiswahili tunalielewa jambo hili vizuri. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka huohuo serikali ikaelekeza sehemu kubwa ya ufadhili wake wa wanafunzi kwenye sayansi. Mwaka 2020 mtaala mpya ukakifanya Kiswahili somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Shule zikaagizwa kufundisha, ilhali aliyetaka kuwa mwalimu aliachiwa ajilipie.

Kwa maoni yetu, marekebisho ya chuo kikuu hayapimwi kwa wingi wa ada peke yake. Taifa likiagiza somo, na ligharamie mwalimu wake, soko halitamleta.