Ulaji udongo: kinyonga anapopiga ulimi ardhini

Wataalamu wa wanyama wana neno lenye mizizi ya Kigiriki kwa kiumbe anayekula udongo kwa kukusudia: ge ni ardhi, phagein ni kula. Tukilitohoa kwa njia iliyotupa jiografia na jiolojia, tunapata jiofajia. Anayetaka kuifuata sauti ya Kigiriki ataandika jiofagia, na papo hapo msomaji ataona ufagio. Jirani yake ni pica, jina la Kilatini la ndege mmoja wa jamii ya kunguru aliyedhaniwa hachagui chakula. Madaktari hulitumia kwa hamu ya kula visivyo chakula: udongo, chaki, barafu, wanga mbichi. Likitoholewa linakuwa pika, na jiko limeshaingia hospitalini.

Mimi nashika ulaji udongo, lililoundwa kama ulaji rushwa. Lina doa lake: katika Kiswahili cha magazeti ya Tanzania, ulaji ni cheo chenye marupurupu. Hata hivyo lina sifa ambayo pica haina. Linataja tendo bila kutoa hukumu. Pica tayari ni jina la kasoro. Mwenye pica ana tatizo. Ulaji udongo ni kitu kilichoonekana, na hukumu inasubiri uchunguzi. Mtu aliyemkuta kinyonga wake kwenye chungu cha maua, mdomo umejaa udongo, anahitaji kuanzia hapo.

Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa kwamba udongo huliwa. Tanzania udongo wa pemba unauzwa sokoni, Kenya kuna odowa, na wanunuzi wengi ni wajawazito. Mtafiti wa Marekani Sera Young, aliyefanya utafiti kisiwani Pemba na kuchapisha kitabu Craving Earth mwaka 2011, alipima pamoja na wenzake maelezo makuu matatu: njaa, upungufu wa madini, na kinga ya tumbo dhidi ya sumu na vijidudu. Ushahidi mwingi zaidi uliangukia kinga. Huo haukuwa wito wa kula udongo, maana mfinyanzi unaweza pia kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Wanyama nao wana sababu zao. Tembo wa Mlima Elgon huingia gizani katika pango la Kitum na kubomoa miamba yenye chumvi kwa pembe zao. Kima punju wa Zanzibar hula makaa, na watafiti wamelihusisha jambo hilo na majani ya miembe na mikungu wanayokula, yenye kemikali za kusumbua tumbo ambazo makaa huzinasa. Kima huyo haingii katika ulaji udongo, kwa kuwa makaa si udongo, wala katika pica, kwa kuwa si mgonjwa. Istilahi nzuri inapaswa kutuonyesha mapema wapi inaishia.

Sasa kinyonga. Anayefugwa zaidi majumbani Ulaya na Marekani ni Chamaeleo calyptratus wa Yemen na Saudia, mwenye kishungi kirefu utosini. Wa kwetu mwenye pembe tatu, Trioceros jacksonii wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, naye hufugwa huko. Walioingia Hawaii mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama sasa wanazaana mwituni. Wote wawili ni viumbe wa matawini. Ndiyo maana mfugaji hushtuka akimwona ameshuka chini kwenye udongo. Lakini neno ulaji, kwa upana wake wote, linaweza kufunika mambo ambayo vitenzi vyetu huyatenganisha vizuri: kuonja, kumeza, kula, kuchimba.

Kuonja ni kugusa tu kwa ncha ya ulimi. Kinyonga hufanya hivyo hata kwenye tawi, na hakuna la kuuliza. Kumeza ni ajali ya kazi. Ulimi wa kinyonga unaweza kufyatuka kupita urefu wa kiwiliwili chake, na watafiti walioupima ute wake mwaka 2016 walikuta mnato wake ni takriban mara 400 ya mate ya binadamu. Kitu kinachoweza kumnasa panzi mzito hakiwezi kuchagua. Nyenje akipigwa akiwa juu ya udongo, chembe za udongo zinakuja naye. Dawa yake ni rahisi: wadudu wawekwe kwenye kikombe au waachiwe matawini.

Kula ni pale anaposhuka, anaulenga udongo usio na mdudu, anaumeza, kisha anarudia. Hapa mjadala ni halali. Baadhi ya wafugaji wameliona hata kwa wanyama wenye afya, na inawezekana ni tabia ya kawaida ya kujitafutia madini, kama ng'ombe kwenye magadi. Inawezekana pia ni dalili ya upungufu, na wa kwanza kushukiwa ni kalsiamu. Nyenje wanaouzwa kwa chakula wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ndiyo maana hunyunyiziwa unga wa kalsiamu kabla ya kulishwa. Unga huo peke yake hautoshi. Bila mionzi ya urujuanimno B ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila vitamini hiyo utumbo unaiacha kalsiamu ipite. Dirisha la kioo huizuia mionzi hiyo karibu yote, kwa hiyo kinyonga anayeota jua nyuma ya kioo anapata joto tu. Taa maalumu nayo huchakaa upande wa mionzi kabla haijazimika; mwanga unaendelea kuwaka, mfugaji anaridhika, mnyama anadhoofika.

Matokeo yake Kiswahili kinayaita matege. Mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linabonyea, mnyama anatetemeka akipanda, mikono inashindwa kushika tawi, ulimi haufyatuki tena. Kwa hiyo nikiulizwa kama kula udongo ni uthibitisho wa matege, nitasema hapana. Lakini ni sababu ya kutosha ya kuangalia taa ina umri gani na unga gani unatumika. Wala asijae mtu hofu akamwaga vitamini: D3 ikizidi ni sumu. Wafugaji wengi hutoa kalsiamu isiyo na D3 mara kwa mara, na ile yenye D3 kwa nadra, mara moja au mbili kwa mwezi.

Tendo la nne ndilo linalokosewa zaidi, na kukosewa kwake kunaua. Jike wa Yemen hutaga hata bila kukutana na dume, wakati mwingine zaidi ya mayai 50 kwa mara moja. Muda ukifika anaacha kula, anatangatanga sakafuni, anachimba kwa mikono na kusukuma kwa kichwa, na anatoka na uso na midomo imejaa udongo. Mfugaji anayeamini ameona ulaji udongo anaondoa udongo wote. Jike akakosa pa kutagia, mayai yanakwama tumboni, na asipotibiwa anaweza kufa. Jike mpevu wa aina hii anapaswa kuwa na ndoo ya mchanga au udongo safi wenye unyevu, wenye kina cha sentimita 20 hadi 30, na asitazamwe anapochimba, kwa kuwa akiona mtu mara nyingi huacha. Yule wa pembe tatu huzaa watoto hai. Kwake maelezo haya hayapo.

Ipo pia hitilafu katika neno udongo lenyewe. Tuna kichanga, tifutifu na mfinyanzi, lakini mfuko wa duka la maua huenda usiwe na hata kimoja kati ya hivyo. Ndani mna makumbi ya nazi, magamba ya miti, vipunje vyeupe vya perlaiti na mbolea, pengine na dawa ya wadudu. Kiasi kidogo cha udongo wa kawaida mara nyingi hupita na kinyesi. Kipande cha gamba la mti kinaweza kuziba utumbo. Ndiyo maana wengine hufunika chungu kwa mawe makubwa kuliko mdomo wa mnyama. Mawe madogo yanaongeza hatari tu.

Akila mara moja, anakula wadudu wake, anapata choo na macho yake yamejaa vizuri, mwangalie na usahihishe mazingira. Akirudia siku baada ya siku, akikosa choo, akikakamua bila kutoa kitu, tumbo likavimba, macho yakazama au akalala mchana, mpeleke kwa daktari anayewajua reptilia. Macho yaliyozama na mkojo mgumu wa rangi ya chungwa huonyesha upungufu wa maji, ambao huufanya udongo uliomezwa ukwame kwa urahisi zaidi. Beba kinyesi kipya ili kichunguzwe minyoo, na beba kiganja cha udongo wenyewe. Eksirei huonyesha mchanga na mawe vizuri, lakini magamba ya miti na makumbi hayaonekani kirahisi, kwa hiyo daktari atahitaji kuambiwa ni kitu gani hasa kilichoingia.