Bunduki ya Komeo na Uwanja wa Shabaha: Kitale na Bungoma tangu 1895

Historia ya bunduki katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia, ambako leo ipo miji ya Kitale na Bungoma, kwa kawaida husimuliwa kwa kuuliza nani alikuwa na silaha na nani hakuwa nayo. Swali hilo halitoshi, kwa sababu bunduki isiyojaribiwa haimpi mwenye nayo zaidi ya mshindo na moshi. Lenye uzito zaidi ni nani aliyekuwa na risasi za kupoteza katika mazoezi, uwanja wa kulengea, na fundi wa kurekebisha vilengeo, yaani vile vipande viwili vya chuma, kimoja karibu na jicho na kingine kwenye ncha ya mtutu, ambavyo mpigaji huvilinganisha na shabaha kabla ya kufyatua.

Tofauti hiyo iliandikwa katika sheria mapema. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotiwa sahihi na mataifa ya Ulaya pamoja na mengine, kwa jumla ulizuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, ukaacha mwanya kwa magobore, yaani bunduki zinazoshindiliwa baruti kwa mdomo na ambazo kasiba zake, yaani tundu la ndani la mtutu, ni laini. Kasiba laini haiizungushi risasi, na risasi isiyozunguka hupepesuka njiani. Kasiba iliyochongwa mifereji ya mzunguko ndani yake huifanya risasi izunguke na kushika mwelekeo wake. Mkataba huo ulitetewa kuwa ni silaha dhidi ya biashara ya utumwa, na kwa sehemu ulikuwa hivyo, ila matokeo yake yalikuwa kwamba ulengaji wa mbali ungekuwa mali ya dola.

Hata hivyo bunduki za kisasa zilipenya. Mumias, makao ya Nabongo (mfalme) Mumia wa Wawanga, palikuwa kituo cha misafara ya Waswahili waliofuata pembe za ndovu, na baadaye kituo cha utawala wa Waingereza uliosimamiwa kutoka Uganda, ambayo mipaka yake ililijumuisha eneo hili lote hadi 1902. Baadhi ya silaha za askari wa Kisudani waliokuwa katika utumishi wa utawala huo ziliwafikia Wabukusu, wenyeji wa nchi hii, na kikosi kidogo kilichotumwa kuzidai kiliangamizwa. Adhabu ilikuja mwaka 1895, wakati C. W. Hobley alipokuwa msimamizi wa Mumias: jeshi la askari wa Kisudani, likisaidiwa na wapiganaji wa Kiganda, Kiwanga na Kimaasai, lilizishambulia ngome za Lumboka na Chetambe, hii ya pili ikiwa juu ya kilima kilicho karibu na mji wa Webuye wa leo. Wabukusu waliokuwa na bunduki walizitumia kwa ushujaa nyuma ya kuta za udongo na mahandaki, lakini hawakuwa na ghala la risasi wala nafasi ya kujifunza silaha hizo kwa utulivu, na idadi yao waliouawa ilizidi mno ile ya washambuliaji.

Wakati huohuo umbo la bunduki lilikuwa likibadilika. Martini-Henry, iliyoingizwa katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilipakia risasi moja kwa wakati kwa kushusha wenzo chini ya kitako. Iliyoirithi ilikuwa bunduki ya komeo: chuma cha mviringo chenye mkono, ambacho mpigaji hukiinua, hukivuta nyuma ili ganda tupu litoke, kisha hukisukuma mbele na kukifunga kama mlango, huku risasi mpya ikipanda kutoka chemba ya chini. Lee-Metford ya 1888, Lee-Enfield ya 1895 na Mauser ya Kijerumani ya 1898 zote ni za ukoo huo.

Aliyeonyesha zaidi uwezo wa silaha hiyo katika nchi hizi alikuwa mwindaji kutoka Uskoti, W. D. M. Bell, ambaye misafara yake ya mapema kwenda Karamoja ilianzia Mumias na kupita kando ya Elgon. Wenzake waliamini kwamba ndovu anahitaji bunduki ya mdomo mpana yenye pigo zito. Bell alitumia zaidi Mauser ya milimita 7, ambayo risasi yake ina uzito wa takriban gramu 11, akaua ndovu zaidi ya 1,000. Alipasua mafuvu ili ajue ubongo umekaa wapi. Ustadi huo unastahili kutambuliwa, na uharibifu wake pia, maana makundi aliyoyafuata hayakurudi kuwa kama yalivyokuwa.

Trans Nzoia, wilaya inayouzunguka Kitale, ilipogawiwa walowezi wa Kizungu, wengi kati yao wakiwa wanajeshi waliopewa mashamba kwa mpango wa 1919, Kitale ulianzishwa kama mji mwaka 1920 na reli ikaufikia mwaka 1926. Bunduki ya komeo ikawa chombo cha shamba, na mwenye nayo mpya alipaswa kuipima kabla ya kuitegemea. Utaratibu wake haujabadilika sana hadi leo. Bunduki huegemezwa juu ya mfuko wa mchanga ili mkono usiitikise, shabaha ya karatasi husimamishwa yadi 100, yaani kama mita 91, kisha risasi tatu hadi tano hupigwa kwa kulenga alama ileile bila kurekebisha chochote katikati. Matundu yakikusanyika pamoja, hata yakiwa mbali na alama, bunduki ni njema na kosa limo katika vilengeo. Yakitawanyika, kosa huenda likawa katika kitako, kasiba, risasi, au pumzi ya mpigaji mwenyewe. Katika Lee-Enfield upande wa kulia na wa kushoto ulirekebishwa kwa kukisogeza kilengeo cha mbele katika mfereji wake, na urefu kwa kukibadilisha kwa kingine kirefu au kifupi zaidi, kazi iliyohitaji vipuri na fundi wa silaha.

Nchi yenyewe iliingilia vipimo hivyo. Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takriban mita 1,400, na kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, ile ya Kitale ikipungua kwa karibu sehemu moja kwa sita ikilinganishwa na ya pwani, risasi hupunguziwa kasi polepole zaidi na hushuka kidogo kuliko majedwali ya usawa wa bahari yanavyosema. Katika yadi 100 tofauti hiyo haionekani, ila katika yadi 600 inatosha kuipitisha risasi juu ya shabaha. Mvua ndefu nazo zilivimbisha mbao za kitako, zikaibana kasiba na kuhamisha mahali pa matundu. Aidha, fataki za zamani, yaani viwashio vya baruti ndani ya risasi, ziliacha chumvi ndani ya kasiba, nayo huvuta unyevu na kuleta kutu, kwa hiyo askari walifundishwa kumimina maji yanayochemka ndani yake baada ya kila zoezi.

Maarifa haya yaliwafikia pia Waafrika, lakini kwa mlango wa jeshi. Vijana wa Kibukusu na wa jamii jirani walioingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walifundishwa shabaha kwa Lee-Enfield, na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana nchini Burma katika bonde la Kabaw. Waliporudi, ustadi ulibaki kwao na bunduki ikabaki ghalani, kwa kuwa utawala wa kikoloni haukuwaruhusu Waafrika kumiliki bunduki za aina hiyo ila kwa nadra sana. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi walifyatua risasi katika umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, harakati ya kidini iliyoongozwa na Elijah Masinde, na kuua watu 11. Silaha iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa ili ifike mbali ilielekezwa hapo kwa raia waliosimama karibu, na hakuna usahihi wa ufundi unaoweza kulitetea tendo hilo.

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na bunduki nyingi za komeo zikapoteza kazi zilizonunuliwa kuifanya. Hazikutoweka zote. Lee-Enfield ya muundo wa nne, ambayo kilengeo chake cha nyuma ni tundu dogo la kuchungulia badala ya mkato wazi, iliendelea kugawiwa askari wa akiba wa vijijini katika Bonde la Ufa kaskazini, ambako wenyeji huiita Mark Four, nayo ilibebwa dhidi ya wezi wa mifugo wenye silaha zinazofyatua mfululizo, mara nyingi na wanaume waliopewa risasi chache za kulinda boma na chache mno za kufanyia mazoezi.